Meno ya Kahawia si Uchafu

Ndugu msomaji, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Kabla sijaingia katika kazi ya elimu ya watu wazima, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku kwetu Himo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu. Kila Jumatatu asubuhi tulikagua usafi wa watoto. Tulitazama kucha, nywele, sare na meno.

Asubuhi moja nikamfikia msichana wa darasa la nne. Nikamwambia afungue kinywa. Akafungua kidogo tu, huku amekinga mkono. Meno yake ya mbele yalikuwa na rangi ya kahawia, kama kikombe kilicholala na chai usiku kucha. Nikamwuliza, "Hukupiga mswaki leo?" Akajibu, "Nimepiga, mwalimu." Wenzake wakacheka. Mimi nikaona ananidanganya. Nikamtuma bombani akasugue kwa mchanga mpaka yawe meupe.

Alirudi baada ya nusu saa. Fizi zilikuwa zinatoka damu. Meno yalikuwa vilevile.

Kesho yake bibi yake akaja shuleni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wangu. Huyu anapiga mswaki kila siku, namwona kwa macho yangu. Hebu nitazame na mimi."

Bibi akafungua kinywa. Meno yake yalikuwa ya kahawia, sawa na ya mjukuu.

"Na mama yake yuko hivi hivi," akasema. "Sasa, mwalimu, nyumba nzima sisi ni wachafu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi yeye na mtoto. Tangu siku ile nikaanza kuwauliza waganga wa meno na mafundi wa maji. Niliyojifunza ndiyo ninayokuandikia hapa. Nayo kwa kifupi ni haya: meno ya kahawia si uchafu. Jino hupata doa kabla halijatoka kinywani. Kwa hiyo mtoto mkubwa tusimwaibishe. Tumlinde mtoto mdogo.

MENO HAYA YAKOJE?

Hali hii madaktari huiita florosisi ya meno. Haiji kwa namna moja kwa watoto wote.

Wengine huwa na mistari myeupe tu, kama chaki iliyopitishwa juu ya jino. Wengine jino zima ni jeupe kama chokaa, halina mng'aro. Wengine wana madoa ya njano au ya kahawia. Na wale waliozidiwa, jino huwa na vishimo vidogo vidogo, na kingo zake humeguka upesi.

Mara nyingi meno ya pande mbili hufanana. Ukiona doa upande wa kulia, tazama jino kama hilo upande wa kushoto. Utaliona lina doa pia. Hapo florosisi ni tofauti na jino lililooza. Jino likioza, huoza moja hapa na moja pale, na hupata tundu jeusi na maumivu. Florosisi huja kwa meno mengi pamoja, na mara nyingi haiumi.

Haiambukizi. Mtoto hawezi kuipata kwa kukaa dawati moja na mwenzake, wala kwa kunywa kikombe kimoja. Si laana, na si ugonjwa wa ukoo. Bibi, mama na mjukuu wanafanana meno kwa sababu walikulia maji mamoja na jiko moja.

DOA LINAINGIAJE?

Wewe uliyewahi kufyatua matofali utaelewa upesi. Tofali likiwa bichi, kuku akikanyaga, alama ya mguu wake inabaki. Ukilichoma tanuruni, alama ile haitoki tena. Unaweza kuliosha mwaka mzima. Alama ipo, kwa sababu iliingia wakati tofali ni bichi.

Jino ni hivyo hivyo. Jino haliumbwi siku linapotoka. Linaumbwa ndani ya taya, miaka mingi kabla. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kuumbwa gamba lake katika miezi ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa. Huendelea hivyo mpaka mtoto akaribie miaka 5. Kisha hutoka akiwa na miaka 6 hadi 8. Magego mengine huchelewa zaidi. Mpaka mtoto afike kama miaka 8, gamba la karibu meno yake yote ya ukubwani limekwisha kuumbwa, isipokuwa yale magego ya mwisho kabisa.

Katika miaka hiyo, mtoto akila na kunywa floraidi nyingi kupita kiasi, gamba la jino haliumbiki vizuri. Linakuwa na vitundu vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Jino hutoka likiwa na weupe wa chaki. Baadaye rangi ya vyakula na vinywaji huingia katika vitundu vile, na jino likageuka kahawia.

Hapa kuna jambo linalowadanganya wazazi wengi. Meno ya utoto ya mtoto wa miaka 3 yanaweza kuwa meupe na mazuri. Mama akayatazama akasema, "Maji yetu hayana neno." Kumbe wakati huo huo meno ya ukubwani yanaumbwa ndani ya taya, na doa linaingia. Yakija kutoka mtoto yuko darasa la kwanza au la pili, mama anashangaa. Maji yakimwagika hayazoleki.

FLORAIDI NI NINI, NA INATOKA WAPI?

Floraidi ni madini yanayoyeyuka ndani ya maji, kama chumvi inavyoyeyuka. Lakini chumvi utaijua kwa ulimi. Floraidi ya maji ya kunywa haina rangi, haina harufu, na huwezi kuionja. Maji yanaweza kung'aa kama kioo, kumbe yamejaa floraidi.

Floraidi kidogo si adui. Husaidia jino lisioze. Ndiyo maana dawa nyingi za meno hutiwa floraidi. Ubaya ni kuzidi. Dawa ikizidi kipimo hugeuka sumu.

Kwa nini sisi watu wa kaskazini tunayo mengi? Kwa sababu ya milima yetu. Kilimanjaro na Meru ni milima ya volkeno. Zamani sana ilitapika mawe ya moto na majivu. Miamba na udongo wa namna hiyo mara nyingi huwa na floraidi. Mvua ikinyesha, maji huzama ardhini, hupita katika miamba hiyo na kuyeyusha madini yake. Kadiri maji yanavyokaa muda mrefu chini ya ardhi, ndivyo yanavyoweza kubeba madini zaidi. Ndiyo sababu visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana. Kimoja kina floraidi kidogo, kingine kina nyingi.

Shida hii inajulikana tangu zamani. Katika mji wa Colorado Springs, huko Marekani, mganga wa meno Frederick McKay aliona mwaka 1901 kwamba wakazi wengi wana meno ya kahawia. Watu walitoa sababu nyingi, kila mtu na yake. McKay alitafuta kwa miaka karibu 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill akapima maji kwa njia mpya, akakuta floraidi. Hapo ndipo chanzo kilipojulikana.

Kwetu, mwaka 1964, madaktari Grech na Latham waliandika habari za florosisi katika Jimbo la Kaskazini la Tanganyika, yaani huku huku kwetu Moshi na Arusha. Kwa hiyo jambo hili si geni. Geni ni sisi kutolijua.

Jirani zetu wa Arumeru wameliona zaidi. Upande wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, kuna vyanzo vyenye floraidi nyingi sana. Huko wapo watu ambao madini hayo yamefika mpaka mifupani. Mtu akitumia maji ya namna hiyo miaka mingi, mgongo na viungo hukakamaa. Watoto wengine miguu hupinda. Basi jambo hili si la sura peke yake.

KIPIMO CHAKE

Floraidi hupimwa kwa miligramu katika lita moja ya maji. Chukua gramu moja, igawe mafungu 1,000. Fungu moja ndilo miligramu moja. Ni kidogo sana.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ndoo ya lita 20 yenye kiwango hicho ina miligramu 30 tu za floraidi. Ni kidogo kuliko chumvi unayoichota kwa ncha za vidole viwili.

Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa shida kupatikana. Baadaye kikashushwa hadi 4. Siku hizi kiwango chetu ni 1.5. Kwa hiyo kisima kilichopimwa zamani kikaambiwa "kinafaa", huenda leo hakifai kwa mtoto mdogo. Inapasa kipimwe tena.

KISA CHA KIBOSHO: TAZAMA NA MAGADI

Himo yetu ni njia panda. Barabara moja inapanda Marangu. Nyingine inakwenda Moshi mjini. Nyingine inakwenda Holili, mpakani na Kenya. Nyingine inateremka Mwanga na Same. Sokoni kwetu wanakutana watu wa mlimani na watu wa tambarare. Watu wa mlimani husema, "Sisi maji yetu ni ya mlima, ni masafi. Floraidi ni shida ya watu wa chini."

Hebu tuone. Mwaka 1998 watafiti walitoa matokeo ya kukagua meno ya vijana wa sehemu tatu za Tanzania. Ya kwanza ni Chanika, upande wa Dar es Salaam, ambako maji yana floraidi kidogo sana. Ya pili ni Rundugai, tambarare ya Hai, ambako maji yana floraidi nyingi. Ya tatu ni Kibosho, juu mlimani, ambako maji yalikuwa na chini ya miligramu 0.2 kwa lita.

Chanika meno yalikuwa mazuri. Rundugai yalikuwa na florosisi kali. Hayo mawili yalitegemewa. Lakini Kibosho, penye maji mazuri, meno yaliharibika karibu sawa na ya Rundugai!

Floraidi ya Kibosho ilitoka wapi? Watafiti walitaja mambo zaidi ya moja, hata kule kuishi juu mlimani. Lakini jambo moja lilikuwa ndani ya chungu. Ni magadi.

Sisi sote tunayajua magadi. Huuzwa kwa mafungu sokoni. Tunayatia katika makande na maharage yaive upesi na yalainike. Tunayatia katika kiburu. Na kiburu chenyewe, ndizi na maharage yaliyopondwa, ndicho chakula anacholishwa mtoto anayeanza kula. Magadi mengine yana floraidi nyingi sana, kupita maji ya kisima chochote. Kiasi hutofautiana toka fungu moja hadi jingine, na kwa macho huwezi kujua.

Kwa hiyo mtu wa mlimani anaweza kuwa na maji mazuri na bado akamharibia mtoto meno. Na mtu wa tambarare anaweza kuwa na vyote viwili, maji mabaya na magadi. Huyo anaongeza mzigo juu ya mzigo.

MAMBO YASIYOSAIDIA

1. Kuchemsha maji. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, na lazima tuendelee kuchemsha. Lakini hakuondoi floraidi. Tena kunaizidisha. Tufanye hesabu. Una lita 4 za maji yenye miligramu 3 kwa kila lita. Jumla ni miligramu 12. Umechemsha sana, zimebaki lita 3. Mvuke umeondoka, floraidi imebaki. Miligramu 12 ukigawa kwa lita 3 ni miligramu 4 kwa lita. Fikiri basi juu ya makande yanayochemka nusu siku, na kila yakikauka unaongeza maji mengine. Floraidi ya maji yote uliyoongeza inabaki chunguni.

2. Kuchuja kwa kitambaa, au kuyaacha maji yatulie. Unaondoa taka na tope. Floraidi imeyeyuka, inapita kwenye kitambaa pamoja na maji.

3. Kutia dawa ya kuua vijidudu. Dawa hiyo ni ya vijidudu tu.

4. Kusugua kwa mchanga, majivu, mkaa au msasa. Unakwangua gamba la jino na kuumiza fizi. Doa limo ndani ya gamba. Hili nililifanya mimi kwa mtoto wa watu. Usilirudie.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, mtoto mchanga anyonye. Mpe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Ukimpa mtoto huyo maji, au maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo, umeiondoa kinga yake.

Pili, chakula cha mtoto kisitiwe magadi. Ukishindwa kuacha magadi kwa nyumba nzima, toa kwanza sehemu ya mtoto, halafu ndipo utie ya wakubwa. Maharage na mahindi yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, tia mengine, upike. Yataiva upesi zaidi na kuni zitapungua.

Tatu, tenga maji ya watoto. Maji ya kuoga, kufua na kuosha nyumba yawe yoyote. Maji ya kunywa na kupikia watoto wa chini ya miaka 8 yatoke kwenye chanzo kizuri kuliko vingine. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Bati la mita 5 kwa mita 6, mvua ikinyesha milimita 40, linaleta lita 1,200. Hata kama nyingine zitamwagika, utajaza tangi la lita 1,000. Mtoto akitumia lita 3 kwa siku kwa kunywa na uji, tangi hilo litamtosha siku 333. Usikinge mvua ya kwanza, iache ioshe bati. Funika tangi. Na maji hayo yachemshe kabla ya kunywa.

Nne, punguza chai kwa watoto wadogo. Majani ya chai yana floraidi. Tena chai huzuia mwili kupata madini ya chuma, na damu hupungua. Uji na maziwa ni bora.

Tano, dawa ya meno iwe kidogo. Mtoto wa chini ya miaka 3, tia kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Mfundishe kutema, asimeze. Usiache kumpigisha mswaki, maana meno yanayooza nayo ni shida.

TUFANYE NINI KIJIJINI?

Jambo la kwanza ni kupima. Kisima, chemchemi au bomba, kila chanzo kipimwe peke yake. Anzeni na chombo cha watumia maji cha kijiji chenu. Kipeleke ombi kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanza mwaka 2019. Katika mkutano wa kijiji ulizeni hivi: "Maji yetu yana miligramu ngapi za floraidi kwa lita?" Msikubali jibu la "maji ni mazuri". Ulizeni namba. Mkishaipata, iandikwe ubaoni, kila mtu aisome. Sasa tunajua kusoma.

Jambo la pili ni kuchagua. Kama vyanzo ni viwili, kimoja kina miligramu 0.5 na kingine kina 4, kijiji kiamue. Kile cha 0.5 kiwe cha kunywa na kupikia. Kile cha 4 kiwe cha kufulia na kunyweshea bustani.

Jambo la tatu ni kusafisha, kama chanzo kizuri hakuna kabisa. Njia zipo. Huko Ngurdoto, wilaya ya Arumeru, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Njia moja inayotumika ni ya mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuru maalumu ikawa kama mkaa, husagwa, na maji hupitishwa humo. Floraidi hunasa katika mkaa ule. Kenya, upande wa Nakuru, nako njia hii hutumika. Njia nyingine ni ya India, inaitwa Nalgonda kwa jina la mahali ilikoanzia. Hiyo hutumia shabu na chokaa.

Lakini angalia. Usichome mifupa mwenyewe jikoni ukachujie maji. Ikichomwa vibaya, maji hunuka. Na mkaa wa mifupa ukishajaa floraidi hauvuti tena, lazima ubadilishwe. Kazi hii inataka fundi aliyefundishwa na maji yanayopimwa mara kwa mara. Shabu na chokaa nazo zina vipimo vyake.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Jambo hili nalo linataka hivyo. Mtu mmoja hawezi kupima kisima peke yake. Kikundi kinaweza.

NA YULE MWENYE MADOA TAYARI?

Kwake mambo matatu.

La kwanza, asichekwe. Mtoto anayechekwa hufunga kinywa. Hajibu swali darasani hata kama anajua jibu. Haimbi. Akiwa kijana hacheki mbele za watu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko doa lenyewe. Walimu tuwe wa kwanza kuwaeleza wanafunzi kwamba doa lile si uchafu.

La pili, aendelee kupiga mswaki kila siku kwa wema. Jino lenye florosisi kali humeguka na linaweza kuoza, kwa hiyo linataka kutunzwa zaidi.

La tatu, kama madoa ni mengi au jino linameguka, amwone mganga wa meno hospitalini. Doa dogo mganga anaweza kulipunguza. Jino lililoharibika sana anaweza kulifunika kwa dawa ya rangi ya jino. Usimpeleke kwa mtu wa mitaani mwenye tupa au dawa kali ya kuunguza.

KILE CHUNGU CHA BIBI

Yule msichana wa darasa la nne alikuwa na mdogo wake. Wakati ule alikuwa wa miezi 9, ndiyo kwanza anaonja kiburu. Baada ya kujifunza haya nilikwenda kwao, nikamweleza bibi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwalimu, magadi nimeyakuta kwa mama yangu. Mimi mzee nitaendelea nayo. Lakini huyu mdogo nitampikia chungu chake."

Akanyanyuka, akaloweka maharage ya mtoto katika bakuli la peke yake. Magadi akayaweka juu ya dari, mbali na jiko.

Meno ya dada hayakubadilika. Ya mdogo yalikuwa bado ndani ya taya. Ndugu msomaji, nyumbani kwako kuna mtoto wa chini ya miaka 8? Basi meno yake bado ni tofali bichi. Tazama chungu chako leo.

MANENO MAPYA

Floraidi: madini yanayoyeyuka ndani ya maji. Kidogo yanafaa, yakizidi yanadhuru.
Florosisi: madhara ya floraidi iliyozidi, katika meno au mifupa.
Gamba la jino: sehemu ngumu ya nje ya jino.
Miligramu: sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara 1,000.
Shabu: dawa nyeupe kama jiwe la chumvi, hutumika kutuliza maji yenye tope.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini meno ya utoto yanaweza kuwa meupe na ya ukubwani yakatoka na madoa?
2. Maji ya lita 10 yana miligramu 2 za floraidi kwa kila lita. Yamechemshwa, zimebaki lita 8. Sasa kila lita ina miligramu ngapi?
3. Vijana wa Kibosho walikuwa na maji mazuri. Kwa nini tunasema tutazame na chungu?
4. Kijijini kwenu kuna vyanzo vingapi vya maji? Vipi vimepimwa floraidi? Nani atauliza katika mkutano ujao?
5. Mwalimu akimwona mtoto mwenye meno ya kahawia, amwambie nini mbele ya wenzake?